Humbaba, Mlinzi wa Msitu wa Mierezi

Wasumeri walijenga miji ya mwanzo kabisa duniani katika nchi isiyo na mti wa maana. Nchi yenyewe ni kusini mwa Iraki ya leo, baina ya mito ya Frati na Tigri. Udongo ulikuwa tele, wakafyatua matofali. Matete yalijaa mabwawani, wakayasuka mikeka na kuyajengea vibanda. Mitende ilikuwapo, lakini gogo la mtende ni nyuzinyuzi tupu, halipasuliwi mbao nzuri. Mfalme aliyetaka hekalu lenye dari ya juu na lango la mti mzima ilimbidi atume watu milimani, mwendo wa majuma mengi, wakanunue au wakapore. Sisi watu wa pwani tunaijua shida hiyo kwa upande wa pili. Kwa karne nyingi majahazi yalipakia boriti za mikoko Lamu na katika delta ya Rufiji, yakazipeleka Ghuba na nchi zake kavu, maana huko hapakuwa na mti wa kuezekea nyumba.

Katika nchi hiyo yenye njaa ya mbao ndimo ilimoandikwa hadithi ya mlinzi wa msitu, mojawapo ya zile kongwe kabisa tulizo nazo. Wasumeri walimwita Huwawa. Wababeli na Waashuru waliokuja baadaye wakamwita Humbaba. Makao yake yalikuwa Msitu wa Mierezi. Aliyempa kazi ni Enlil, mkuu wa miungu, mwenye hekalu lake katika mji wa Nippur, na agizo alilopewa lilikuwa moja tu: mierezi isiguswe. Ili aweze kazi hiyo alivikwa mng'ao wa kutisha mara saba, vazi juu ya vazi, hata mtu akimwona magoti yalimlegea. Kila kilichotikisika msituni alikisikia kutoka mbali mno. Sauti yake ilivuma kama maji ya mafuriko.

Sura yake tunayo. Katika Makumbusho ya Uingereza, London, kuna kinyago kidogo cha udongo kilichofukuliwa Sippar, kaskazini ya Babeli, kidogo kiasi cha kutosha kiganjani. Aliyekitengeneza alichukua utepe mmoja wa udongo, akaukunja na kuupinda bila kuukata, ukawa paji la uso, ukashuka kuzunguka macho, ukawa mashavu, ukaishia kwenye mdomo uliokenua meno. Ni uso uliofanywa kwa utumbo. Nyuma yake kuna maandishi ya mwaguzi aliyeitwa Warad-Marduk, maana waaguzi wa huko walipasua kondoo na kusoma matumbo yake, na yakionekana yamejikunja mithili ya uso wa Huwawa, hiyo ilikuwa ishara ya mambo makubwa katika ufalme. Kinyago hicho kina umri wa miaka 3,600 au zaidi.

Anayemtafuta Humbaba kwanza hukutana na Gilgamesh. Huyu alikuwa mfalme wa Uruk, na kama aliishi kweli, basi ni kati ya mwaka 2800 na 2500 K.K. Orodha ya kale ya wafalme wa Sumeri inamtaja. Mashairi ya Kisumeri juu yake yalinakiliwa na wanafunzi katika shule za waandishi, na shairi la safari yake kwa Huwawa lilikuwa miongoni mwa yale kumi ambayo kila mwanafunzi alilazimika kuyanakili. Ndiyo sababu nakala zake zimepatikana nyingi, hasa Nippur, nyingi zikiwa za karne ya 18 K.K. Watoto wa miaka kumi na kitu, kalamu ya tete mkononi na udongo mbichi kiganjani, walijifunza kuandika kwa kunakili kifo cha mlinzi wa msitu.

Katika shairi hilo Gilgamesh anatazama nje ya ukuta wa mji wake, anaona maiti zinaelea mtoni, anatambua kwamba na yeye siku moja atakuwa hivyo hivyo. Kwa hiyo anataka jina. Jina linapatikana milimani, kwenye mierezi. Anachagua vijana hamsini wasio na mke wala mama wa kumtunza, anafuatana na mtumishi wake Enkidu, wanavuka milima saba. Huwawa anapowaona anawarushia mng'ao mmoja, na wote wanaanguka usingizi.

Sasa hapa ndipo shairi hili linaponishika. Gilgamesh akiamka hapigani. Anadanganya. Anamwambia Huwawa kwamba amekuja kufanya naye udugu, na kwamba amemletea dada zake wawili awaoe, mkubwa awe mke na mdogo awe suria. Anamwahidi unga mzuri na kiriba cha maji baridi, viatu vikubwa na viatu vidogo, na mawe ya thamani. Kwa kila zawadi anaomba kitu kimoja tu: nipe mng'ao mmoja katika ile yako, niwe mmoja wa jamaa yako. Huwawa, aliyekaa peke yake milimani tangu kuzaliwa, anakubali. Anavua mmoja, anatoa. Wale vijana hamsini wanaukata matawi, wanafunga mizigo, wanaipanga chini ya mlima. Anavua wa pili, wanaukata nao. Mtunzi hatofautishi tena kati ya vazi la mlinzi na mti wa mwerezi. Vyote viwili vinakatwa kwa shoka moja na kupangwa katika rundo moja. Baada ya wa saba hakubaki na kitu. Gilgamesh anamsogelea kama mtu anayetaka kumbusu, anampiga ngumi ya shavu.

Huwawa amefungwa kamba anamlilia mungu jua. Anasema hakumjua mama aliyemzaa wala baba aliyemlea, alizaliwa mlimani na jua ndilo lililomkuza. Gilgamesh anaona huruma, anataka kumfungua kama ndege aliyetegwa anavyoachwa arudi kiotani. Enkidu anakataa. Huwawa anamtukana Enkidu kwa maneno ya kumdharau utumishi wake, na Enkidu kwa hasira anamkata shingo. Kichwa kinatiwa katika mfuko wa ngozi na kupelekwa Nippur, kikabwagwa mbele ya Enlil kama zawadi.

Enlil hakufurahi hata kidogo. Aliwauliza ni nani aliyewaambia jina la Huwawa lifutwe juu ya nchi. Hukumu yake ni kwamba walipaswa kumketisha mbele yao, ale chakula wanachokula, anywe maji wanayokunywa, apewe heshima yake. Kisha akachukua ile ming'ao saba akaigawa: mmoja akaupa mashamba, mwingine mito, mwingine matete, mwingine simba, na mmoja akampa Nungal, mungu wa kike wa jela. Tangu hapo, kwa fikra za Wasumeri, hofu iliyokuwa ikilinda msitu ikatawanyika, ikakaa kwenye maji yenye kina, kwenye manyoya ya simba na kwenye mlango wa gereza. Msitu wenyewe ukabaki bila mwenyewe.

Nataka msomaji atazame jambo hilo vizuri. Shairi lilitungwa na watu waliohitaji mbao kuliko karibu kila kitu, likatukuzwa na wafalme waliojiita ndugu wa Gilgamesh, na bado ndani yake mungu mkuu kuliko wote anatamka kwamba aliyeuawa alionewa. Hakuna aliyewalazimisha kuandika hivyo. Wangeweza kumfanya Huwawa zimwi mla watu na kufunga habari. Lakini katika hadithi yote hakumla mtu, hakuteka kijiji, hakutoka msituni kumfuata yeyote. Kosa lake lilikuwa kukaa mahali alipowekwa.

Karne nyingi baadaye, mwishoni mwa milenia ya pili K.K., msomi wa Babeli aliyeitwa Sin-leqi-unninni aliupanga utendi mrefu wa Gilgamesh katika mfumo ambao ndio unaosomwa hadi leo, ukiwa na vibao kumi na viwili. Humo mambo yamebadilika. Enkidu si mtumishi tena, ni rafiki wa damu, mtu aliyekua porini pamoja na wanyama kabla ya kuletwa mjini. Wazee wa Uruk wanamwonya mfalme asiende. Ninsun, mama yake mfalme, anapanda juu ya dari, anafukiza ubani, anamlalamikia mungu jua kwa nini amempa mwanawe moyo usiotulia. Mafundi wanafua mashoka mazito. Safari ya mwezi mmoja na nusu wanaimaliza kwa siku tatu, na kila wanapopiga kambi Gilgamesh anaota ndoto mbaya, na kila mara Enkidu anaifasiri kuwa njema.

Vita vyenyewe vinaamuliwa na mungu jua, Shamash, anayemtumia Humbaba pepo kumi na tatu zikamgeuza uso kuwa giza. Humbaba akiwa chini anafanya jambo ambalo mlinzi yeyote aliyeshindwa angelifanya: anajadiliana. Anamwahidi Gilgamesh kwamba atabaki hapo msituni kumtumikia, na atamtolea miti kadiri atakayoamuru kwa ajili ya jumba lake. Kwa maneno mengine, mfalme angepata mbao na msitu ungebaki na mtu wa kuutunza. Ni Enkidu tena anayesema amalizwe upesi, kabla Enlil hajasikia. Humbaba anawalaani wasifike uzee, kisha anauawa.

Baada ya hapo shoka zinafanya kazi. Enkidu anachagua mwerezi mmoja ambao kilele chake kiligusa mbingu, anautengenezea mlango wa hekalu la Enlil: kimo chake dhiraa 72, upana dhiraa 24, unene dhiraa moja, mhimili wake, ncha ya juu na ncha ya chini, vyote vya mti mmoja. Ukipima kwa mita ni zaidi ya 30 kwenda juu. Mti wa aliyeulinda unapelekwa kwa aliyemtuma kulinda, kana kwamba zawadi hiyo ingefuta kosa. Wakafunga chelezo, wakaushusha mto Frati, Enkidu akiongoza na Gilgamesh akiwa amebeba kichwa cha Humbaba.

Malipo yalikuja. Miungu walikutana wakaamua kwamba kati ya wawili hawa mmoja lazima afe, kwa kumuua Humbaba na kumuua Fahali wa Mbinguni, mnyama wa miungu waliyemuua baada ya safari hiyo. Habari ya kikao hicho imetufikia kwa lugha ya Kihiti. Enkidu akaugua. Kitandani aliugeukia ule mlango kana kwamba ni mtu mwenye masikio, akajuta kuutengeneza, akasema angalijua malipo yake angaliupasua kwa shoka. Sijui sehemu nyingine katika fasihi ya kale ambapo seremala anagombana na kazi ya mikono yake kwa uchungu namna hiyo. Gilgamesh alibaki akizurura duniani kutafuta uzima wa milele, na hakuupata.

Hadithi inaishia hapo, lakini mashoka hayakuishia hapo. Gudea, mtawala wa Lagash katika miaka ya 2100 K.K., aliandika kwa fahari jinsi alivyofungua njia katika milima ya mierezi ambako watu hawakuwa wakiingia, akashusha magogo kwa chelezo ili kulijenga hekalu la mungu wake. Misri nayo ilikuwa ikichukua mierezi ya Lebanoni kupitia bandari ya Byblos; ile merikebu ya Farao Khufu iliyofukuliwa kando ya piramidi yake mwaka 1954, yenye urefu wa mita 43, ni ya mwerezi. Msomaji wa Biblia anakumbuka jinsi Sulemani alivyopatana na Hiramu mfalme wa Tiro na kupeleka Lebanoni watu 30,000, elfu kumi kila mwezi kwa zamu. Senakeribu wa Ashuru alijisifu kuikata mierezi mirefu. Nebukadneza wa Babeli, aliyetawala kuanzia 605 hadi 562 K.K., alichonga majigambo yake kwenye mwamba wa Wadi Brisa, Lebanoni, karibu kabisa na mahali alipokata: alipasua milima, alitengeneza barabara, aliangusha mierezi kwa mikono yake mwenyewe. Kwa wafalme hawa wote kukata mwerezi kulikuwa ushahidi wa kwamba mtu ni mfalme kamili, na mfano wake tumeuona kwa Gilgamesh.

Upande wa pili pia una sauti. Katika kitabu cha Isaya, sura ya 14, mfalme wa Babeli anapokufa miti ya Lebanoni inashangilia, kwa kuwa tangu alipolala hakuna mkataji aliyepanda tena kuijia. Humbaba hatajwi pale. Lakini nasoma sura ile nikiona kwamba kazi yake, ya kuulilia msitu, ilikuwa imechukuliwa na miti yenyewe.

Naye hakusahaulika nyumbani. Watu wale wale waliosimulia kifo chake waliibandika sura yake milangoni ili kufukuza maovu. Vibao vya udongo vyenye uso wake uliokenua vimepatikana vingi Mesopotamia. Huko Tell al-Rimah, kaskazini mwa Iraki, wachimbaji wa Uingereza katika miaka ya 1960 walikuta uso huo umechongwa kwenye jiwe la hekalu, mlangoni, jiwe la takriban mwaka 1800 K.K. Walimuua kwenye hadithi kisha wakamwajiri upya kwenye kizingiti.

Utendi wenyewe ulipotea. Maandishi ya kabari, yale ya kalamu ya tete kwenye udongo, yalikoma kusomwa karibu na wakati wa Kristo, na kwa karne 18 hakuna aliyejua kwamba aliwahi kuwapo mlinzi aitwaye Humbaba. Mwaka 1853 Hormuzd Rassam, mwenyeji wa Mosul, alifukua Ninawi maktaba ya mfalme Ashurbanipal, maelfu ya vibao vilivyovunjika, na ndani yake vipande vya utendi. Rassam huyu baadaye alitumwa Ethiopia, akafungwa na Mfalme Tewodros kwa takriban miaka miwili hadi 1868. Tarehe 3 Desemba 1872 George Smith, aliyejifunza kabari kwa jitihada zake mwenyewe, alisoma hadharani London kisa cha gharika kutoka kwenye vibao hivyo, na Ulaya nzima ikashtuka. Gharika ndiyo iliyovuta macho. Humbaba alibaki pembeni, jitu la kutisha katika safari ya shujaa, na kibao cha tano, ambacho ndicho chenye habari ya msitu, kilikuwa kimeharibika vibaya.

Ndipo likatokea jambo la mwaka 2011. Baada ya vita vya 2003 maeneo ya kale ya Iraki yaliporwa, na vibao vikawa vinauzwa kwa magendo. Makumbusho ya Sulaymaniyah, katika Kurdistani ya Iraki, yaliamua kuvinunua vilivyopitia mikononi mwa wauzaji hao ili visitoke nchini. Katika shehena moja kulikuwa na kibao kikubwa chenye tope bado, kimevunjika vipande vilivyounganishwa. Profesa Farouk Al-Rawi alipokitazama alitambua kwamba ni kibao cha tano cha Gilgamesh. Alikisoma pamoja na Andrew George, mtaalamu wa utendi huo, na mwaka 2014 wakachapisha mistari ambayo hakuna aliyeisoma kwa zaidi ya miaka elfu mbili.

Mistari hiyo inaingia msituni. Hatukuwa tumewahi kuusikia msitu wa Humbaba. Tulijua ukimya na hofu tu. Kumbe una kelele. Utomvu unadondoka kama mvua kutoka kwenye mierezi. Ndege mmoja anaanza kuimba, mwingine anamjibu, mpaka msitu mzima unarindima. Njiwa analia, hua anaitikia. Nyenje wanapiga kelele kwa pamoja. Kima mama anaimba kwa sauti, mtoto wake anapiga ukelele. Na hayo yote, utendi unasema, yalikuwa kama bendi ya wapigaji na waimbaji, wakitumbuiza kila siku mbele ya Humbaba. Basi hakuwa jitu katika pango. Alikuwa mfalme katika baraza lake, na watu wake walikuwa kima na ndege. Kibao hicho kinaonyesha pia kwamba alimfahamu Enkidu tangu ujana wake porini, ndiyo maana usaliti wa Enkidu unauma zaidi.

Kisha, baada ya kuua na kukata, Enkidu anamgeukia rafiki yake na kukiri kwamba wameufanya msitu kuwa jangwa, akauliza watamjibu nini Enlil huko Nippur. Swali hilo lilikuwa chini ya ardhi wakati vizazi vya wasomi vikimsifu Gilgamesh kuwa mshindi wa zimwi. Kila kilichoandikwa kabla ya 2014 kuhusu ushujaa wa safari ile kinahitaji kusomwa upya kwa kuliweka swali hilo mezani.

Milima ya Lebanoni leo imebakiwa na mashamba machache ya mierezi ya kale. Mfalme wa Rumi Hadriani, katika karne ya pili, aliamuru miamba ichongwe maandishi ya kuweka mipaka na kuihifadhi miti ya aina nne kuwa mali ya dola, na maandishi hayo bado yanaonekana milimani. Karibu na Bsharri, shamba dogo liitwalo Mierezi ya Mungu lilizungushiwa ukuta mwaka 1876 kwa fedha za Malkia Victoria, ili mbuzi wasile miche. UNESCO iliuingiza msitu huo katika urithi wa dunia mwaka 1998 pamoja na Bonde la Qadisha. Mwerezi uko katikati ya bendera ya Lebanoni iliyopitishwa mwaka 1943.

Kwa walimu na waandishi wetu watakaoisimulia hadithi ya Gilgamesh kwa Kiswahili, nina ombi moja. Msianze na shoka. Anzeni na njiwa na hua, nyenje na kima, na aliyekuwa akiwasikiliza kila siku, kisha ndipo mumlete Gilgamesh na vijana wake hamsini.